Shilingi 50 kwa Mlango: Hesabu ya Kusaidia Watu Kisii na Nyamira

Sh5,000 kwa mwezi, nyumba 100. Gawanya, utapata Sh50 kwa kila nyumba. Serikali kuu ikitoa Sh2,500 na kaunti Sh2,500, hiyo ndiyo bei ya mtu kupanda vilima vya Manga au kuteremka bonde la Mto Gucha, kubisha hodi, kuuliza kama mtoto amemaliza chanjo, kumpima nyanya presha, kumchoma kidole mwenye homa kuona kama ni malaria, kuyaingiza yote kwenye simu, kisha kwenda mlango wa pili.

Huyu ni mhudumu wa afya ya jamii, yule ambaye vijijini siku hizi huitwa CHP tu. Kabla ya 2023, wengi walifanya kazi iyo hiyo wakiitwa watu wa kujitolea, yaani bila malipo, au kwa posho ya kubahatisha. Tangu Sh5,000 zilipowekwa, kuna manung'uniko ya aina mbili. Wapo wanaosema pesa hizo ni kidogo na hazifiki kwa wakati. Wapo pia wanaosema pesa zimewaharibu watu: zamani jirani alikuja akiitwa, sasa anauliza kwanza kuna nini ndani yake.

Nung'uniko la kwanza linaonekana kuwa la bajeti na la pili la maadili. Ukikaa na kalamu utaona ni moja. Hakuna msaada usio na gharama. Upo msaada ambao gharama yake imeandikwa mahali, na upo ambao gharama yake imebebwa na mtu ambaye hakuna daftari lililomwandika. Tunapouliza kama anayesaidia ana tamaa, mara nyingi tunamsahau yule anayefaidi kwa kupewa kazi ya bure.

Ukubwa wa kazi yenyewe

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Jumla ni 1,872,436. Nyumba zilikuwa takriban 308,000 upande wa Kisii na 150,700 upande wa Nyamira.

Watu wamebanana. Kisii ilikuwa na watu 957 kwa kila kilomita mraba na Nyamira 675, ilhali wastani wa Kenya nzima ulikuwa 82. Kwa hiyo mhudumu wa Marani au Magombo hatembei masafa ya mwenzake wa Turkana. Nyumba zake 100 zinaweza kuwa zote kwenye mgongo wa kilima kimoja. Lakini kilima ni kilima. Njia hupita kati ya migomba na chai, mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na udongo mwekundu ukilowa, bodaboda haifiki kila boma. Jumamosi nayo ni Sabato kwa familia nyingi za huku, kwa hiyo siku za kubisha hodi hupungua.

Kwa kipimo cha mhudumu mmoja kwa nyumba 100, Kisii inahitaji wahudumu 3,080 na Nyamira 1,507. Pamoja ni 4,587. Kila mmoja akilipwa Sh60,000 kwa mwaka, jumla ni Sh275 milioni.

Kiasi hicho kinaonekana kikubwa mpaka ukigawe. Ni Sh147 kwa kila mkazi kwa mwaka mzima. Nusu yake inatoka Nairobi, kwa hiyo kaunti hizi mbili zinabaki na mzigo wa karibu Sh138 milioni. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kisii kutoka Hazina Kuu ulikuwa takriban Sh8.9 bilioni na wa Nyamira Sh5.1 bilioni, jumla Sh14 bilioni. Kuwalipa wahudumu wote sehemu ya kaunti kungechukua shilingi moja tu kati ya kila mia.

Kitaifa mpango huu ulizinduliwa na Rais William Ruto katika bustani ya Uhuru, Nairobi, tarehe 25 Septemba 2023, wahudumu zaidi ya 100,000 wakianza kupewa mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari, mizani, kipimajoto na mkanda wa kupima mkono wa mtoto. Mwezi uliofuata sheria ya afya ya msingi ilitiwa sahihi. Sh2,500 za serikali kuu zikizidishwa kwa watu 100,000 na miezi 12 ni Sh3 bilioni.

Saa moja ni pesa ngapi?

Tuchukue mhudumu mmoja, mama wa Nyamira. Tuseme kila nyumba inamla dakika 45, kutembea, mazungumzo, vipimo na kuandika vikiwemo. Nyumba 100 ni saa 75 kwa mwezi. Ongeza mikutano ya kituo cha afya, mafunzo, kampeni za chanjo na kumsindikiza mgonjwa hospitalini: tuseme saa 25. Jumla saa 100. Sh5,000 kwa saa 100 ni Sh50 kwa saa.

Toa nauli ya bodaboda na bando la simu. Tukikadiria Sh1,000 kwa mwezi, kinachobaki ni Sh4,000, yaani Sh40 kwa saa.

Tulinganishe na sheria. Kuanzia Novemba 2024, mshahara wa chini kabisa wa kibarua wa shambani asiye na ujuzi uliwekwa kuwa takriban Sh7,997 kwa mwezi. Akifanya siku 26 za saa nane, hiyo ni Sh38 kwa saa. Mfanyakazi wa kawaida jijini Nairobi, kwa kiwango cha wakati huo cha Sh16,113 na saa zizo hizo, alipata kama Sh77.

Hesabu hii haimpendezi mtu yeyote kikamilifu. Wanaosema Sh5,000 ni matusi watashangaa kwamba kwa saa, posho imekipita kidogo kiwango cha kibarua wa shambani. Wanaosema wahudumu sasa wamejaa tamaa nao washangae kwamba tunayemwita mwenye tamaa analipwa sawa na mtu wa jembe, ilhali mkononi ana kipima sukari na kichwani ana siri za nyumba 100: nani anameza dawa gani, nani ameacha kliniki, nani anapigwa.

Tena Sh40 hizo zinasimama kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba pesa zifike. Kaunti ikichelewesha fungu lake kwa miezi mitatu, kila mhudumu anaidai Sh7,500. Zidisha kwa 4,587, unapata Sh34 milioni. Huo ni mkopo usio na riba, wakopeshaji ni akina mama wa kijijini na mkopaji ni serikali.

Sharti la pili ni kwamba saa 100 ziwe mwisho. Haziwi. Uchungu wa kuzaa haungoji ratiba. Saa nane za usiku anabishiwa na jirani ambaye mkewe ameshikwa, na mwenye namba ya dereva wa gari ni mhudumu. Hakuna fomu ya saa hiyo. Kujitolea kwa kweli kunaanzia hapo, kwenye saa ya 101, na hakuna mhudumu ninayemjua wa huku ambaye huwa haifikii.

Wengi wa wahudumu ni wanawake, na saa zao hazianzi kuhesabiwa wakiwa wamekaa. Utafiti wa kitaifa wa matumizi ya muda wa 2021 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya hutumia kama saa nne na nusu kila siku kwa kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, na mwanamume chini ya saa moja. Saa nne na nusu kwa siku 30 ni saa 135. Zile 100 za kubisha hodi zinapandishwa juu yake.

Nani alikuwa mfadhili?

Mkakati wa Kenya wa afya ya jamii ulianza 2006, ukifuata wazo lililotolewa kwenye mkutano wa Alma-Ata mwaka wa 1978: kwamba afya ianzie mlangoni mwa mtu, mikononi mwa watu wake. Wazo lilikuwa zuri. Shida ilikuwa kwenye safu ya malipo, ambayo kwa miaka mingi iliachwa tupu au kujazwa na miradi iliyokuja na kuondoka.

Tupime ukubwa wa pengo hilo. Saa 100 kwa mwezi ni saa 1,200 kwa mwaka. Kwa kiwango cha kibarua, Sh38, hiyo ni kazi ya Sh45,600. Nauli na simu kutoka mfukoni mwake, Sh12,000. Kwa wahudumu 4,587, kazi ni Sh209 milioni na gharama za mfukoni Sh55 milioni. Jumla Sh264 milioni kwa mwaka.

Hapa nimetumia idadi kamili inayohitajika, na miaka ya nyuma haikuwa imetimia. Punguza kwa nusu ukitaka. Bado ni Sh132 milioni kila mwaka. Nani mwingine katika kaunti hizi mbili amewahi kuupa umma zawadi ya kiasi hicho, mwaka baada ya mwaka, bila jina lake kubandikwa ukutani?

Mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu wahudumu wa aina hii. Lilipendekeza walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa, ujuzi na majukumu wanayobebeshwa. Ethiopia ilikuwa imeanza kuajiri kwa mshahara tangu 2003, na wanawake zaidi ya 30,000 wakaingia kazini, ingawa baadaye iliongeza chini yao jeshi la akina mama wasiolipwa. Tanzania ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Mkondo wa eneo letu uko wazi: kazi hii inatoka kwenye sadaka na kuingia kwenye malipo.

Je, pesa hufukuza moyo?

Hoja ya wanaoogopa malipo si ya kupuuzwa. Mwaka wa 1970, Mwingereza Richard Titmuss alilinganisha utoaji damu wa Uingereza, ambako watu walitoa bure, na wa Marekani, ambako wengi waliuza. Alidai kwamba bei huchafua zawadi: aliyekuwa akitoa kwa wema huona aibu kulipwa, na anayekuja kwa sababu ya pesa huficha maradhi yake.

Mwaka wa 2008 watafiti wawili wa Sweden walichapisha jaribio lililoipima hoja hiyo. Wanawake walipoombwa kuwa wachangiaji damu bila malipo, asilimia 52 walikubali. Walipoahidiwa kroni 50, waliokubali walishuka hadi asilimia 30. Walipopewa nafasi ya kuzielekeza kroni hizo kwa shirika la hisani, wakapanda tena hadi asilimia 53. Kwa wanaume hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo ni kweli: yapo mazingira ambamo pesa kidogo ni mbaya kuliko kutolipwa kabisa.

Lakini damu hutolewa kwa dakika chache, mara moja moja kwa mwaka. Milango 1,200 kwa mwaka ni kitu kingine. Na kwa kazi ya milango, ushahidi wa Afrika unaelekea upande wa pili.

Zambia, mwaka wa 2010, ilipokuwa ikiwatafuta wahudumu wake wa kwanza wa vijijini, watafiti walitumia mabango ya aina mbili. Katika wilaya nyingine bango lilisema: njoo uitumikie jamii yako. Katika nyingine lilisema: njoo ujenge kazi, upande cheo. Wengi wangetabiri kwamba bango la cheo litawaleta wabinafsi. Mwisho wa yote, waliovutwa na cheo walitembelea nyumba asilimia 29 zaidi, na katika maeneo yao idadi ya watoto wenye uzito pungufu ilishuka kwa robo. Walikuwa wanajipenda, na walikuwa wanawajali watu pia. Vitu hivyo viwili vilikaa katika mtu mmoja bila kugombana.

Uganda nako, mashirika ya Living Goods na BRAC yaliwapa wahudumu dawa na bidhaa za afya wauze mlango kwa mlango na kubaki na faida kidogo. Utafiti uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 27 katika vijiji vilivyopata mpango huo. Living Goods imefanya kazi na Kaunti ya Kisii pia.

Hii haimaanishi kila malipo ni mazuri. Posho ya mkupuo ina udhaifu wake: anayetembelea nyumba 100 na anayetembelea 60 kisha kujaza zilizobaki akiwa jikoni kwake wote hupokea Sh5,000 zile zile. Kumlipa kwa kila mlango nako kuna hatari, maana atakwenda palipo karibu na kuwaacha wa mbali. Ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 ulionya dhidi ya kutegemea malipo ya matokeo peke yake. Rwanda ilichagua njia ya kati: fungu la matokeo huingia kwenye ushirika wa wahudumu, wao wenyewe huwekeza na kugawana. Mwenzako akilala, mfuko wako unaumia, na utamwamsha. Mtu wa Kisii hahitaji kuelezwa sana mpango kama huo, maana babu zake waliuishi.

Risaga na daftari la matanga

Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyeishi kati ya Abagusii, wenyeji wa Kisii na Nyamira, miaka ya 1950 na kushiriki kuandika kitabu kuhusu jamii ya Nyansongo kilichochapishwa mwaka wa 1966, alieleza utaratibu wa risaga: maboma ya jirani yaliyoitana kulima, kupalilia na kuvuna, mwenye shamba akiwaandalia pombe na chakula. Ukikwepa mashamba ya wenzako, lako likikuwia zito usitarajie kuona majembe.

Mtu mwenye haraka atauliza: wanafaidi nini, ikiwa kila mtu anatoa sawa na anachopokea? Tuchukue maboma kumi, mtu mmoja kila boma, kila shamba likihitaji siku kumi za mtu mmoja. Peke yako utalima siku kumi. Kwa risaga pia utafanya siku kumi: moja kwako, tisa kwa wenzako. Jasho ni lile lile. Ila shamba lako linamalizika kwa siku moja, mvua ikiwa imeanza, badala ya kuburuta wiki moja na nusu. Na ukiugua wiki ya kupanda, shamba halilali. Faida ya risaga ilikuwa kwenye wakati na kwenye bima. Hakuna aliyeona haya kusema kwamba anasaidia ili asaidiwe. Mkono mtupu haulambwi.

Leo risaga ya majembe imefifia, vibarua wamechukua nafasi, lakini hesabu yake imehamia kwenye matanga. Kifo kikitokea, kamati inaundwa, kikundi cha WhatsApp kinafunguliwa, na orodha inaanza kurefuka: jina, kiasi, jina, kiasi. Nyumbani kuna daftari la karatasi lenye orodha hiyo hiyo, nalo halitupwi. Siku ya msiba wa mwingine, litafunguliwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Kijiji cha nyumba 150, na kila nyumba ipate msiba mmoja katika miaka 25. Hiyo ni misiba sita kwa mwaka. Kila nyumba ikitoa Sh500, msiba mmoja unakusanya Sh75,000. Mchango wa mwaka kwa nyumba ni Sh3,000, na kwa miaka 25 ni Sh75,000. Umetoa ulichopokea, shilingi kwa shilingi. Kilichoongezeka ni kwamba siku ya kilio hukuuza ng'ombe wala kukodisha shamba. Hii ni kampuni ya bima isiyo na ofisi, na gharama yake ya uendeshaji ni ada ya M-Pesa: kama Sh7 kwa kila Sh500, asilimia moja na nusu hivi.

Ni mpango wa werevu mkubwa, na ni wa kujijali waziwazi. Udhaifu wake uko kwenye mstari usio na jina. Mjane aliyeshindwa kutoa Sh500 mara nne mfululizo, mgeni aliyehamia juzi, kijana asiye na kazi, mzee ambaye wanawe wamepotelea mjini: hawa daftari haliwajui. Nipe nikupe huwahudumia wenye cha kutoa. Asiye nacho anabaki nje, na kwa kawaida ndiye mhitaji zaidi.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anayelipwa anafanya jambo ambalo risaga haikuweza. Sh50 zake ni za kila mlango, hata wa yule ambaye hatarudisha kitu. Malipo hayakuondoa wema kijijini. Yalimwezesha mtu kuingia katika nyumba ambayo wema wa kubadilishana ulikuwa unaipita.

Wenye vipaza sauti na wenye pasipoti

Kuna wasaidizi wengine wanaopaswa kupitia kwenye mizani hii hii. Wa kwanza ni mheshimiwa wa harambee.

Harambee ilikuwa mwito wa Jomo Kenyatta tangu 1963, na shule nyingi za sekondari za Gusii zilisimama kwa mawe na mabati ya michango. Hakuna wa kuibeza. Lakini mchango wa mwanasiasa huja na kipaza sauti. Tuseme anatoa Sh200,000 kanisani mbele ya waumini 500. Kwa bei ya Sh50, pesa hizo zingelipia milango 4,000, au mwaka mzima kwa wahudumu watatu na miezi minne kwa wa nne. Tofauti ni kwamba milango 4,000 haipigi makofi. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003 ilijaribu kuwawekea mipaka wanaokusanya michango, na Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais alitangaza kwamba maafisa wa serikali hawataruhusiwa kushiriki harambee. Swali la kumuuliza mtoaji si kama anataka kura. Bila shaka anataka. Muulize kama pesa hizo ni zake, na kama zingefika pasipokuwa na kamera.

Wa pili ni mgeni wa kujitolea kutoka ng'ambo. Tuseme nauli yake ya ndege, kwenda na kurudi, ni dola 1,200. Kwa Sh129 kwa dola, ni karibu Sh155,000. Hiyo ni posho ya mhudumu mmoja kwa miezi 31. Daktari wa upasuaji anayekuja kufundisha wenzake katika hospitali ya rufaa anaweza kuirudisha gharama hiyo mara nyingi. Kijana wa miaka 19 anayekuja wiki mbili kucheza na watoto wa kituo cha mayatima hawezi, na gharama nyingine haiko kwenye tiketi: mtoto anayezoea sura mpya kila mwezi na kuachwa kila mwezi. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto Novemba 2017, na mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwarejesha watoto kwenye familia. Sababu mojawapo ni kwamba wafadhili na wageni walikuwa wamegeuka kuwa soko, na vituo vikawa vinawahitaji watoto kuliko watoto walivyovihitaji.

Yule kijana hana nia mbaya. Huenda moyo wake ni safi kuliko wa wengi. Hapo ndipo kipimo cha nia kinapotuangusha: nia safi inaweza kumletea mtoto hasara, na nia ya kutafuta cheo inaweza kumwongezea uzito.

Maswali matatu ya kuuliza kabla ya 30 Aprili

Nia ya mtu hatuioni. Hesabu tunaiona. Msaada wowote unaweza kupimwa kwa mambo matatu: nani anaugharamia, nani anaachwa nje, na nini kitatokea msaidizi akichoka. Risaga inafaulu la kwanza na kuanguka la pili. Harambee ya mheshimiwa inaanguka la tatu, maana huchoka siku moja baada ya uchaguzi. Kujitolea bure kwa miaka mingi kunaanguka la kwanza na la tatu pamoja: anayegharamia ni aliye chini kabisa, na akichoka hakuna wa kumshika mkono.

Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka makadirio ya bajeti yafikishwe katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi washirikishwe. Ukumbi wa Keroka, Ogembo au Nyamira mjini, mtu yeyote anaweza kusimama na kuuliza. Fungu la wahudumu wa afya ya jamii ni shilingi ngapi, na linatosha wangapi? Mwezi wa mwisho waliolipwa ni upi? Na saa ya 101, ile ya saa nane za usiku, imewekewa nini: nauli ya gari, zamu, au shukrani tu?

Majibu yatakuwa ya tarakimu, na tarakimu hazitamfanya mtu yeyote awe mwema. Wema ule wa usiku utabaki kuwa wake mwenyewe, na wala hautaki kununuliwa. Tenda wema uende zako, wahenga walimwambia mtenda. Hawakumwambia anayetendewa, mwenye Sh14 bilioni mkononi, amwache aende mikono mitupu.